Injini imenoki, waranti wameikataa, halafu wananipa beringi ambazo si za gari langu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikipitiliza mtanivumilia.

Gari nililinunua jipya, nailoni bado ziko kwenye viti. Sevisi zote nimefanyia palepale nilipolinunua, kitabu kina mihuri yao wenyewe. Kwenye kilomita 71,000, asubuhi moja nawasha nasikia ko-ko-ko kwa chini, kama mtu anagonga sufuria chumba cha pili. Taa nyekundu ya kibirika, ile ya oili, ikawaka. Nikazima hapohapo, nikachomoa stiki: oili ipo, tena imegusa alama ya juu. Sikuwasha tena, nikaita gari la kuvuta, likapelekwa kwao.

Wanaojua magari wanajua ile taa haisemi oili imepungua, inasema presha imeshuka. Sampu, yaani trei ya oili chini ya injini, inaweza kuwa imejaa na bado beringi za konrodi (vile vipande vyembamba vya chuma kati ya mkono wa pistoni na krankishafti) zikakauka, kwa sababu pampu imechoka au chujio lake limeziba. Nimewaeleza hivyo mapokezi, nikaambiwa "sawa bosi, mafundi wataangalia".

Siku ile ya kwanza lugha ilikuwa tamu: ni beringi tu, hili ni la waranti, wewe subiri simu. Simu ikaja siku ya nne. Krankishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekwaruzika, beringi wameshabadilisha (nani aliwaruhusu?), bado inagonga, kwa hiyo injini nzima itoke. Na waranti imekataliwa kwa sababu "gari limeendeshwa bila oili".

Nikauliza, mlipomwaga oili zilitoka lita ngapi? Hazikupimwa. Filta ya zamani iko wapi? Imetupwa. Jamani, filta ndiyo kitu cha kwanza fundi makini anakata na kufungua kwenye kesi kama hii, aone kama kuna vipande vya chuma au vya mpira ndani. Nikaomba basi wanichapie misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Imeshafutwa. Ushahidi wote umetupwa ila hukumu wanayo.

Sasa ankara. Oili lita 7, wakati kitabu cha gari kinasema injini hii inabeba lita 4.2. Gharama ya ufundi wameiandika mara mbili, "kufungua injini kwa uchunguzi" na "kufungua injini kwa matengenezo". Injini imefunguliwa mara moja! Kuna mstari unaitwa "vifaa vidogo vidogo", hauna orodha, na ni mkubwa kuliko bei ya filta. Nilipohoji, ankara ikarudi ndani na kutoka tena, mstari ule umepungua nusu. Kama ulikuwa halali mngeupunguza kwa nini? Halafu kila siku gari linalolala pale wananihesabia maegesho, yaani kadiri ninavyobisha ndivyo deni linavyonenepa. Hapo ndipo wanapotubana wengi, unalipa ili ulichukue gari lako tu.

Lakini lililonitoa uvumilivu ni hili. Nilidai vyuma vyangu vya zamani. Baada ya kusubiri kama saa nzima akaja kijana na beringi nne zimefungwa kwenye kitambaa, zimekwaruzika kweli, shaba imetokeza. Nikazifuta kwa kidole, nikageuza mgongo. Zimegongwa 0.25.

Kwa wasioelewa: beringi ya 0.25 inafungwa kwenye krankishafti ambayo imeshasagwa mashineni ikapungua robo milimita. Haikai kwenye krankishafti ambayo haijawahi kuguswa. Injini yangu haijawahi kufunguliwa, hayo ni maneno yao na kitabu chao. Kwa hiyo ama hizi zimetoka kwenye gari la mtu mwingine, ama waliniuzia gari "jipya" ambalo injini yake ilishafanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa yote. Nimemwambia msimamizi achague moja. Akatazama zile beringi, akatazama ukutani, akaniambia "hilo tutalifuatilia". Nimezipiga picha zikiwa mkononi mwake.

Na msiniambie injini haifi bila uzembe wa dereva. Mwaka 2015 Hyundai waliita magari ya Sonata ya 2011 na 2012 kule Marekani, karibu laki tano, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kiwandani yaliweza kubaki kwenye krankishafti na kuzuia oili isifike kwenye beringi za konrodi. Dereva kosa lake lipi hapo? Zile injini za PureTech za 1.2 za Peugeot na Citroën, zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, mpira unamomonyoka na mabaki yake yanaziba njia ya oili. Mwaka 2024 Stellantis, kampuni mama yao, wakaongeza dhamana hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Gari langu si mojawapo ya hayo, ila ugonjwa unafanana mno, na mimi sijapewa hata nafasi ya kuuliza.

Sikatai kulipa. Wakinionyesha kwamba niliua injini mwenyewe nitalipa na nitanyamaza. Ila wanionyeshe kwa vyuma vyangu, wasinionyeshe kwa vya jirani.

Kesho asubuhi naenda na fundi wangu wa siku nyingi, anabeba maikromita, kile kifaa cha kupima unene wa chuma, tunataka kuipima krankishafti ikiwa bado mezani kwao. Naogopa wataniambia mtu wa nje haruhusiwi kuingia karakana. Kuna mtu humu aliwahi kuruhusiwa? Na kuna aliyelipa huku akiandika kwenye risiti kwamba analipa kwa kupinga, ikamsaidia baadaye? Nataka majibu ya mliopitia, wa "ungenunua gari lingine" mpiteni kimya kimya.

Picha za beringi na ankara zote mbili, ya kwanza na ile iliyopungua, naziweka hapo chini. Jina lao nimelifuta kwa sasa.