Tuandikeje wasifu wa bibi aliyeishi karibu karne nzima?

Mjukuu wa Kongwa

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine nawasalimu.

Bibi yetu mzaa baba alifariki mwaka 2024 nyumbani kwake wilayani Kongwa. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa nusu ukurasa ulioanza na tarehe ya kuzaliwa ya kukisia, ukataja kwa haraka idadi ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe, kisha ukakaa kwa kirefu kwenye ugonjwa, hospitali na saa aliyokata roho. Waombolezaji waliotoka mbali waliondoka wakiyajua majuma yake ya mwisho kuliko miaka yote aliyoushikilia ukoo huu. Sasa familia imeazimia kujengea kaburi, na wasifu mpya utasomwa siku hiyo. Kazi ya kuuandika nimekabidhiwa mimi.

Ninaomba msaada wenu kwa mambo mawili. La kwanza ni umri. Kadi yake ya mpiga kura inasema alizaliwa mwaka 1935, lakini nijuavyo karani aliyemwandikisha alikadiria tu. Baba mkubwa anashikilia kwamba bibi alifikisha miaka 107, kwa sababu alikuwa akiisimulia njaa ya Mtunya kama mtu aliyeiona kwa macho. Shangazi naye anakumbuka bibi akisema kwamba matrekta ya mradi wa karanga yalipofika Kongwa, yeye alikuwa ameolewa tayari na mtoto wake wa kwanza alikuwa mgongoni.

La pili ndilo linalonielemea zaidi. Bibi hakuwahi kuwa na cheo chochote, lakini katika ukoo wetu hapakuwa na posa, mazishi wala ugomvi wa mashamba uliokwisha bila yeye kutoa neno. Maisha ya namna hiyo yanaandikwaje bila kugeuka orodha ya sifa ambazo kila marehemu hupewa?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba.

Kwa umri, kauli ya shangazi yako ndiyo yenye uzito, kwa kuwa imefungwa kwenye tukio lenye mwaka unaojulikana. Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, na mwaka 1951 ukavunjwa kwa hasara kubwa. Waliokuwepo waliyaona matrekta na matingatinga yaking'oa vichaka na mibuyu, tena ikajengwa reli ya tawi kutoka Msagali. Mwulize shangazi kama bibi aliwahi kuitaja reli hiyo, na kama mtoto alikuwa wa mgongoni kabla haijafika au baadaye. Ikiwa mtoto alizaliwa karibu na mwaka 1947, na mama yake alikuwa na umri wa kati ya miaka 17 na 20, basi bibi alizaliwa baina ya mwaka 1926 na 1930 hivi. Mwaka 1935 hauwezekani, maana mwaka 1947 angekuwa binti wa miaka 12.

Baba mkubwa wako asionekane mzushi. Mtunya iliikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ukaja juu yake. Waliozaliwa miaka kumi baada ya hapo walilelewa na mama waliookoka njaa ile. Walisikia habari zake kila mara chakula kilipomwagwa, na ndiyo sababu waliisimulia kana kwamba walikuwepo. Hilo nalo liingie kwenye wasifu, kwa kuwa linaonyesha bibi alilelewa na watu wa namna gani.

Binti wa Mpwapwa

Pole sana ndugu yangu.

Nami niliwahi kuandika wasifu wa bibi yangu, na nilichojifunza ni kwamba ukimwuliza mtu, "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?", utajibiwa kuwa alikuwa mpole, mkarimu na mcha Mungu, na hapo mazungumzo yatakuwa yamefika mwisho. Waulize alichokuwa akikifanya kwa mikono yake. Nani alikaa naye kwenye jiwe la kusagia uwele, na walikuwa wakizungumza nini? Mlenda alioukausha kiangazi aliuhifadhi wapi, na ulipobaki kidogo alianza kumpunguzia nani? Je, alipiga muheme? Mama zetu wa Kigogo huibana ngoma ile katikati ya mapaja, na kila mmoja ana mkono wake wa kupiga ambao wenzake humtambua nao hata wakiwa mbali. Kwetu sisi, wifi yake bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote alisema maneno machache sana mpaka tulipoitaja ngoma, kisha akazungumza mpaka jua likazama.

Neno lako kuhusu ugomvi wa mashamba usiliache juujuu. Chagua ugomvi mmoja ambao wahusika wake wameridhia utajwe, ueleze tangu mwanzo, na uandike bibi alisema nini na nani alinyamaza.

Jingine ni zito, lakini nakuomba usilikwepe. Wasifu wetu huhesabu watoto aliowaacha marehemu na kuwaruka aliowazika. Mama aliyezaa miaka ile, zahanati zikiwa mbali, mara nyingi alizika zaidi ya mmoja. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni wakati wa matrekta yuko wapi leo?

Katekista wa Kijijini

Poleni kwa msiba, na Mungu awafariji.

Kama bibi alibatizwa, nendeni parokiani mkaombe kuangaliwa daftari la ubatizo, ambalo huwa na tarehe, majina ya wazazi na majina ya wadhamini. Aliyebatizwa mtu mzima hatapatikana tarehe yake ya kuzaliwa humo, lakini mtapata jina la mama yake, ambalo wajukuu wengi hawalijui kabisa.

Ninakubaliana na Mwalimu kwa hesabu yake, ila ningewashauri msichonge mwaka mmoja kwenye jiwe. Andikeni "kati ya mwaka 1926 na 1930", ili jiwe lisidai kujua kuliko bibi mwenyewe.

Mkumbuke pia kuhama. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwatoa watu wengi kwenye matembe yao na kuwapeleka vijijini. Kwa mwanamke aliyekuwa na watoto, ghala na makaburi ya wazazi wake pale alipokuwa, huo ni ukurasa mzima.

Mjukuu wa Kongwa

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu.

Nilimpigia shangazi jana usiku. Anasema bibi alikuwa akienda na mama yake kuitazama reli ikijengwa, na mtoto alikuwa bado ananyonya. Mtoto huyo alikuwa wa kike na alifariki kwa surua kabla baba mkubwa hajazaliwa. Sisi wajukuu hatukuwahi kulisikia jina lake. Shangazi amenitajia, na baba mkubwa amekubali liandikwe la kwanza katika orodha ya watoto wa bibi. Kuhusu umri, naye ameridhia maneno ya Katekista, kwa sharti kwamba habari za Mtunya zisomwe zote.

Kilichobaki ni wifi yake bibi anayeishi Mlali. Nitakwenda kwake na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi, na nitaanza kwa kumwuliza habari za muheme.