Giaboksi ya X-Trail imekufa: nifufue hii, nifunge ya mtumba au niweke gia za mkono?

mgogo_wa_mjini
Wakuu habari za jioni. X-Trail yangu imekata giaboksi, iko gereji hapa Dodoma wiki ya pili sasa. Fundi wa kwanza anasema aishushe, aifungue, abadilishe vya ndani, nimpe 1,600,000 pamoja na spea. Wa pili anasema nisipoteze muda, ninunue nyingine ya mtumba Dar kwa 2,900,000, na kufunga nimlipe 350,000. Shemeji yangu naye kakomaa niachane kabisa na otomatiki, nifunge gia za mkono. Tarehe 20 kuna sendofu ya mdogo wangu Singida na mimi ndiye niliyepangiwa kubeba wazee. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Fundi_Spana
Mkuu, umetupa bei mbili na shemeji mmoja, gari yenyewe hujaitaja. T30 au T31, yaani toleo la kwanza au la pili? T30 ya otomatiki ina gia nne za kawaida, T31 ni CVT, ni vitu viwili tofauti kabisa. Injini 2.0 au 2.5? Inavuta magurudumu mawili au manne? Ina kilometa ngapi? Oili ya mwisho uliweka lini, na iliandikwa nini kwenye dumu? Ilikufaje? Mashine ya kupima imesoma kodi gani ya hitilafu? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Kambale_Mkavu
Uza hiyo kitu ukanunue Toyota. Nimemaliza.

TairiBovu
Kambale, kila uzi jibu lako ni hilohilo. Juzi mtu kauliza betri ya sola ukamwambia anunue Toyota.

mgogo_wa_mjini
Samahani kiongozi, nilikuwa naandika kwa simu. Ni NT31 ya mwaka 2008, injini 2.0, inavuta magurudumu manne. Dashibodi inasoma 148,000. Oili ya giaboksi nilibadilisha Aprili, fundi alisema ile ya zamani imekuwa nyeusi. Aliweka ya otomatiki ile nyekundu, lita nne. Kwenye kupanda baada ya kupita Gairo nikaanza kusikia mlio kama wa beringi, kisha harufu ya kuungua. Nakanyaga mafuta, mshale unapanda hadi elfu nne, gari haiondoki. Kodi wamesoma P0868.

Fundi_Spana
Hapo kwenye "nyekundu" ndipo mgonjwa wako alipofia.

Nieleze kidogo maana wengi humu mnaendesha CVT na hamjui. Ndani ya T31 hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati yake. Puli zinabanwa na presha ya oili, zikijibana na kujiachia ndiyo mwendo unabadilika. Mkanda ule unashikwa na msuguano tu wa chuma kwa chuma, na oili ya CVT imetengenezwa mahususi ili uushike. Yako inataka oili ya NS-2. Ukiweka ATF, ile nyekundu ya otomatiki za kawaida, mkanda unateleza, unachana uso wa puli, na unga wa chuma unasafiri mpaka kwenye pampu na valvu bodi, ile sehemu ya valvu zinazoelekeza oili. P0868 maana yake ni hiyo: presha ya kubana puli imeshuka.

Kwa hiyo fundi wako wa kwanza muulize swali moja tu: kwenye hiyo 1,600,000, puli zimo? Akisema anabadilisha mkanda na sili peke yake, kimbia.

BintiKigamboni
Mimi nina swali jingine kaka. Kutoka Gairo mpaka Dodoma gari ilifikaje?

mgogo_wa_mjini
Nilivutwa na Fuso kwa kamba mpaka Kibaigwa, pale nikapata gari ya kubebea.

BintiKigamboni
Magurudumu yote manne chini?

mgogo_wa_mjini
Ndiyo dada. Niliweka N.

Fundi_Spana
Mungu wangu. Mkuu, pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizima hakuna oili inayotembea, ila magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani vikavu. N haikusaidii chochote hapo. Gari kama hiyo inabebwa yote juu.

mgogo_wa_mjini
Nilikuwa na watoto ndani na giza lilikuwa linaingia. Sikujua.

Mzee_Msafiri
Usijilaumu mwanangu, barabarani usiku mtu unashika kamba yoyote utakayopewa. Ngoja nikupe yaliyonikuta, pengine yatakusaidia. Na wewe Kambale usome, maana yangu ilikuwa Toyota, Mark II GX110.

Ilianza kuchelewa kushika gia asubuhi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na jirani. Akaishusha, akaifungua chini ya mwembe juu ya boksi la friji lililokunjuliwa. Vyombo vyote kwenye beseni la kufulia. Nilikuwa nimekaa pale nakunywa kahawa, nikaona kuku anadonoa donoa pembeni ya zile klachi, nikajiambia fundi mwenyewe hana wasiwasi, mimi nani. Akafunga kwa silikoni nyingi inayotokeza pembeni kama dawa ya meno. Baada ya kufunga zilibaki bolti tatu. Akaniambia hizo Wajapani huweka za akiba.

Gari ilitembea siku kumi na moja. Akaifungua tena, nikalipa klachi mpya tena. Wiki tatu. Nikamkasirikia, nikaenda mwenyewe Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, nikanunua boksi ya mtumba, safi, bado ina alama ya chaki ya Kijapani, nikamtafuta fundi mwingine akafunga. Nikasema sasa nimepona. Mwezi na nusu, hali ileile.

Ni kijana wa kuosha magari ndiye aliyeniokoa. Alifungua mfuniko wa rejeta aongeze maji, akaniita, "Mzee, humu umeweka nini?" Nikaenda kuchungulia: maji yana rangi ya juisi ya mapera. Tukavuta dipstiki ya giaboksi, juisi ya mapera. Kumbe oili ya giaboksi inapozwa kwenye bomba lililopita ndani ya rejeta, na lile bomba lilikuwa limetoboka. Maji yalikuwa yanaingia kwenye giaboksi siku zote hizo, na maji na klachi havikai nyumba moja, zile bitana zake zinabanduka. Giaboksi mbili nimezika kwa ajili ya rejeta. Hakuna fundi hata mmoja aliyefungua ule mfuniko, na mimi nilikuwa nafungua boneti kila Jumamosi kuonyesha watu injini.

Kwa hiyo kabla hujafunga ya mtumba wala ya kufufuliwa, jua kwanza kilichoua ya kwanza.

TairiBovu
Mzee hapo kwa kuku nimecheka mpaka bosi kaniangalia.

Kambale_Mkavu
Mzee hiyo ni rejeta, Toyota haina kosa. Hawa wa CVT wenyewe walikiri. Mwaka 2009 kule Marekani Nissan waliongeza dhamana ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 ikawa miaka 10 au maili 120,000. Mtu haongezi dhamana ya kitu kizima.

Fundi_Spana
Hilo la dhamana ni kweli, sikupingi. Lakini RAV4 za 2001 hadi 2003 nazo zilikuwa na kontrol boksi inayochanganyikiwa, gia zinaingia kwa kishindo mpaka giaboksi inakufa, watu wanashusha giaboksi bure kumbe ni kompyuta. Toyota nao wakaongeza dhamana ya hiyo kompyuta Marekani. Kila mama ana mtoto wake mtundu.

kijana_wa_spea
Mwenye uzi, kama bajeti inabana tafuta boksi ya Mitsubishi Outlander. Ni ileile, kiwanda kimoja, Jatco JF011E. Bei yake huwa chini kwa sababu watu hawajui.

Fundi_Spana
Ukoo mmoja, sura tofauti. Kengele ya mbele inayokutana na injini haifanani, na programu haifanani. Ataishia kununua mbili. Atafute ya NT31 hiyohiyo. Asiletewe ya T31 ya magurudumu mawili, haina pa kukaa propela. Na ya TNT31 ni ya injini 2.5, nayo aiache.

Halafu kitu ambacho wauza spea hawasemi: kwenye valvu bodi kuna kumbukumbu ndogo yenye vipimo vya boksi ile, na kompyuta ya giaboksi lazima ivijue. Ukifunga boksi ngeni ukabakiza kompyuta ya zamani bila kuiandikia upya, itashtuka shtuka na utadhani umeuziwa bovu. Mwambie muuzaji akupe boksi na TCM yake, yaani hiyo kompyuta, zote za gari moja.

shabiki_wa_klachi
Kwa nini mnamkatisha tamaa kwenye gia za mkono? T31 za gia sita za mkono zipo. Akifunga hiyo amemaliza kesi, klachi pleti inafungwa na fundi yeyote hata Manyoni.

BintiKigamboni
Zipo, sawa, mtafutie moja hapa nchini tuone. Anahitaji boksi, pedali ya klachi, flaiwili, shafti, leva na kompyuta inayokubali hiyo hali. Akimaliza atakuwa ametumia bei ya giaboksi mbili. Na gari inaendeshwa na nani wengine nyumbani? Mume wangu alibadilisha Corolla yetu bila kuniuliza, leseni yangu ni ya otomatiki tangu kujifunza. Miezi minane nilipanda daladala huku gari iko uani.

shabiki_wa_klachi
Dada si ungejifunza tu? Wiki moja.

BintiKigamboni
Kwenye foleni ya Mbagala, na mguu wa kushoto unaouma? Jifunzie wewe.

TairiBovu
Kwani kuna ukweli kwamba ukiweka N kwenye mteremko unaokoa mafuta? Nauliza tu.

Fundi_Spana
Hapana. Gari ya injekta ukiachia mafuta gia ikiwa ndani inakata sindano yenyewe. Ukiweka N inabidi ichome mafuta ili isizime. Na breki utazikaanga. Acha.

mgogo_wa_mjini
Nimerudi kutoka gereji. Nimemwomba fundi afungue sampo, lile beseni la oili chini ya giaboksi, nikiwepo. Sumaku za ndani zimejaa tope jeusi, lakini juu ya tope kuna vipande vinavyong'aa, vingine nimeweza kuvishika kwa kucha. Oili iliyotoka siyo nyekundu tena, ni kahawia na inanuka kama kamba iliyoungua. Rejeta nimefungua, maji ni safi. Nimemuuliza kuhusu puli, akasema "puli haziharibikagi".

Fundi_Spana
Tope laini kwenye sumaku ni kawaida, kila giaboksi ina lake. Vipande vya kushika kwa kucha ni mkanda au puli zenyewe. Hiyo haifufuliwi kwa 1,600,000. Chukua mtumba, na kabla ya kulipa wafungue sampo hapohapo dukani uone sumaku zake. Akikataa kufungua, ondoka. Ukishafunga, NS-2 mpya. Na kama njia yako ya kila wiki ni Morogoro Dodoma na mzigo, ongeza kipoza oili cha nje mbele ya rejeta. Joto ndilo linaua hizi.

kijana_wa_spea
Hakuna muuzaji Gerezani atakayekufungulia sampo, tusidanganyane. Atakupa siku saba za majaribio, basi.

Fundi_Spana
Mimi wananifungulia.

kijana_wa_spea
Wewe wanakujua. Yeye anatoka Dodoma na begi la safari.

Mzee_Msafiri
Hapo kijana ana hoja. Na siku saba zenyewe, boksi ikisafirishwa kwa basi tayari mbili zimeisha.

mgogo_wa_mjini
Kwa kweli sasa nimechanganyikiwa kuliko jana. Hela niliyonayo ni milioni mbili na laki moja.

Kambale_Mkavu
Iuze hivyohivyo bila giaboksi, ongeza hela, chukua IST.

BintiKigamboni
Na sendofu je?

mgogo_wa_mjini
Wazee watabebwa na shemeji kwenye Noah yake KR42, ya gia za mkono. Ameshaanza kunitumia picha ya leva kila asubuhi. Mimi nimeambiwa nichangie mafuta.

Kambale_Mkavu
Noah ni Toyota.

TairiBovu
Mzee Msafiri, ile Mark II bado unayo? Natafuta taa ya nyuma ya kushoto.