Nimefungua ofisi ya kuweka hesabu Kirinyaga Road. Niuze na mafunzo ya programu?

Mama Leja aliuliza:
Hamjambo wadau. Nimeanza kazi yangu mwenyewe ya kuwawekea watu vitabu, kachumba ka ghorofa ya pili hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Wateja karibu wote ni wa maduka ya vipuri vya magari. CPA ya uhasibu ninayo, programu ya hesabu ya QuickBooks naijua vizuri, ila kufundisha sijawahi kumfundisha mtu zaidi ya mdogo wangu.

Sasa kila ninayempelekea bei ananiuliza, "Na huyu msichana wangu wa kaunta utamfundisha?" Mmoja ameniambia wazi kwamba hasaini kama keshia hatajua kuitumia hiyo QuickBooks. Nawaza kufungua darasa la Jumamosi, watu sita hivi. Mume wangu anasema najitafutia njaa, wakishajua watanifukuza. Niyaweke mafunzo ndani ya ada ya mwezi au niyalipishe kivyake? Na niwafundishe mpaka wapi?

Kamukunji_Jua:
Usiguse. Keshia unayemfundisha leo, mwezi ujao yuko duka la Luthuli Avenue kwa mshahara mzuri zaidi, na bosi anakupigia umfundishe mwingine bure.

Karani Mzee:
Ndiyo maana unaandika kwenye makubaliano kwamba malipo ni kwa kila keshia, kila akibadilishwa. Usiyafiche ndani ya ada ya mwezi. Yakiwa ndani, mteja anayaona ni haki yake milele.

Dada, mimi naweka vitabu Industrial Area tangu enzi za programu za kuwekwa kwa diski. Atakayekuacha kwa sababu binti yake amejua kuandika ankara hakuwa mteja wa kukulisha. Unafundisha ili wewe mwenyewe upate data safi. Chukua duka lenye till ya M-Pesa, ile namba ya kupokelea malipo ya simu. Mauzo ya siku ni 40,000, keshia ameyaingiza vizuri. Jioni bosi anahamisha hizo 40,000 kutoka kwenye till kwenda benki. Taarifa ya benki ikipakiwa, keshia anaona pesa imeingia, anabofya "mauzo". Tayari vitabu vinasema 80,000, na kama duka limesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), unamtangazia mtu asilimia 16 ya pesa ambayo haipo. Dawa yake: till iwe akaunti yake peke yake kama benki nyingine, na pesa ikitoka huko iandikwe uhamisho. Asubuhi moja kwenye kaunta inatosha kumwonyesha hilo, nawe unalala usingizi tarehe 19, siku moja kabla ya mwisho wa VAT.

Mpaka wapi? Ankara, malipo ya wateja, matumizi madogo, till. Basi. Kufunga mwezi, uchakavu wa mali na ritani za kodi ni kazi zako. Mwezi ukishafungwa, weka tarehe ya kufunga na nywila, mtu asirudi kurekebisha ya nyuma. Na kila mtu awe na jina lake la kuingilia, wasishiriki la bosi, ama sivyo hutajua nani alifuta nini.

Mafunzo ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), usiyalipishe peke yake, KRA hufundisha bure. Ila mkumbushe keshia kwamba tangu Januari 2024, gharama ya manunuzi isiyo na ankara ya eTIMS haimsaidii bosi wake kwenye kodi ya mapato, hata risiti ya mkono iwe na mihuri mitatu.

Hilo darasa la Jumamosi liache. Watu wa vipuri wote wanajuana. Ukifungua vitabu vya mmoja kwenye projekta, kufikia saa nane mtaa mzima unajua anamdai nani.

Wa_Ajira:
Naongeza mawili. Usitoe vyeti wala kujiita chuo, hapo unaingia kwenye usajili wa TVETA, wasimamizi wa vyuo vya ufundi. La pili, kampuni zinazolipa ile tozo ya mafunzo, shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, zinaweza kurudishiwa gharama na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, lakini mkufunzi awe amesajiliwa huko. Wa maduka madogo hawatakuuliza. Ukipata kampuni kubwa, watu wa idara ya ajira watauliza kuhusu usajili huo kabla ya bei.

Mama Leja:
Asanteni sana. Mzee, nina mteja mmoja anatumia Tally, programu nyingine ya hesabu, aliyowekewa na shemeji yake, na hiyo siijui vizuri. Nimhamishie QuickBooks ndipo nimfundishe keshia?

Karani Mzee:
Usimhamishe katikati ya mwaka wa hesabu, utabeba salio za watu zisizolingana. Shemeji amfundishe keshia, wewe mwambie ripoti unazotaka na siku ya kuzipokea. Mwaka ukifungwa ndipo umpe bei ya kuhama, na ya mafunzo kando. Hao wengine wapangie mafunzo kati ya tarehe 21 na mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo kuna PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 9 na VAT tarehe 20, hutakuwa na akili ya kumfundisha mtu.