Mbwa kubadilishiwa kiungo cha nyonga: matokeo na hatari zake

Mwuliza swali, Entebbe
Ndugu zangu, nina mbwa jike wa aina ya German Shepherd ambaye picha za eksirei zimeonyesha kwamba nyonga zake zote mbili zimelika. Daktari wa mifugo ametaja upasuaji wa kumwekea kiungo cha bandia, ambao itabidi tumpeleke nje ya Uganda ili afanyiwe. Je, mbwa huwaje baadaye, na ni hatari zipi hasa ninazopaswa kuziogopa?

Jibu la kwanza, Kampala
Pole sana, dada. Mbwa walio wengi hurudi kukimbia bila maumivu, na taarifa nyingi za wapasuaji huweka mafanikio kwenye asilimia 90 hivi au zaidi. Hatari inayojitokeza mapema ni kuteguka, yaani kichwa cha bandia kuchomoka kwenye kikombe chake kabla misuli na utando unaokizunguka havijapona. Mfupa wa paja nao waweza kupasuka, hasa pale shina la chuma la kiungo cha bandia linaposhindiliwa ndani yake bila saruji ya mifupa (gundi ya kulishikiza), na baada ya miaka kiungo chaweza kulegea. Binafsi naogopa zaidi maambukizi, kwa sababu bakteria wakishajikita kwenye chuma, mara nyingi dawa peke yake haiwaondoi na hulazimu kiungo chote kitolewe. Ndiyo maana ngozi, masikio, meno na mkojo hukaguliwa na kutibiwa kwanza.

Jibu la pili, Jinja
Naongeza kwamba kazi kubwa itakuwa nyumbani kwako. Kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu asitoke ila kwa kamba, asipande ngazi wala kuruka, na sakafu ya vigae itandikwe mikeka isiyoteleza. Kabla ya safari, mtafute daktari wa hapa atakayempiga eksirei za ufuatiliaji, na mkubaliane ni nani atakayemhudumia nyonga ikiteguka usiku.

Jibu la tatu, Mbarara
Dada, uliza pia kuhusu upasuaji wa kukata kichwa cha mfupa wa paja bila kuweka chochote. Ni nafuu na hauna chuma cha kuambukizwa, ingawa kwa mbwa mkubwa kama wako matokeo yake hayatabiriki sana. Mkichagua kiungo cha bandia, anzeni na upande unaomuuma zaidi, kwani mbwa wengi huridhika na mmoja na hawahitaji kufanyiwa wa pili. Wakati mnaamua, mpunguzeni uzito ikiwa amenenepa, na dawa za maumivu apewe zile tu alizoandikiwa na daktari.