Mtambo wa upepo hauleti chaji, niongeze mabawa?

mlikoni01: Salama wadau, niko Likoni, nna mtambo mdogo wa upepo wa 12V, umeandikwa wati 400, nimeusimamisha kwenye sakafu ya juu ya nyumba, pale paani, kwa paipu ya mita tatu hivi. Kusi hii yavuma vilivyo, nguo kwenye kamba zapaa, lakini kwenye mita naona ampea 2, 3, halafu yarudi sufuri. Na wenyewe hautulii, wageuka huku wageuka kule kama kuku aliyechinjwa. Fundi mmoja aniambia nitie mabawa marefu zaidi. Nimsikize?

upepo_mchafu: Usimsikize. Kihesabu hajakosea, bawa likirefuka mara mbili eneo linalokamata upepo laongezeka mara nne, lakini jenereta yako haikuundwa kwa hayo, siku kusi ikikaza hayo mabawa yatamtembelea jirani. Huko kugeukageuka ndiko kwakuonyesha ugonjwa, upepo wakufikia ushavunjwavunjwa na majumba na minazi. Jaribu hivi, funga kitambaa ncha ya fito ndefu uinue, pale kitakaponyooka bila kujizonga ndipo upepo ulipo. Mlingoti uzidi kila kitu kilicho ndani ya mita 150 kwa kama mita 9. Na usidharau kuongezeka kidogo, ukitoka mita 4 kwa sekunde ukafika 5 nguvu yakaribia kuwa maradufu.

fundi_waya: Na waya je? Wati 300 kwa 12V ni ampea 25, ukizipitisha kwenye waya mwembamba wa taa toka juu hadi chini, wapasha waya moto tu. Tia mnene, betri isogee karibu.

bibi_shanzu: Mie wangu shida ilikuwa chumvi, nilipanda nkapapasa mabawa nkaona yakwaruza kama msasa. Sasa nayafuta kwa maji matamu. Halafu muuzaji aliniapia eti mtambo wanasa asilimia 80 ya nguvu ya upepo, uongo mtupu, Betz, yule mwanafizikia Mjerumani, alishapiga hesabu tangu 1919, hakuna mtambo wa kuvuka asilimia 59.3.

mlikoni01: Nshajaribu, niliazima upondo wa mvuvi. Kwenye paipu yangu kitambaa chajifunga kama kilemba, nikakipandisha juu ya tangi la jirani kikanyooka tiii kuelekea kaskazini. Sasa kazi ni mwenye nyumba, hataki nyaya za kushikilia mlingoti ziteremke uani, asema mbuzi wake watanaswa.