Magazini za risasi 25 za Ruger 10/22: za kampuni yenyewe au za nje, zipi hazikwami?

Shamba_Texas
Habari wakuu, shikamoo kwa wakubwa humu. Nina bunduki ya Ruger 10/22 ya kawaida, ile ya risasi ndogo za .22 LR, naitumia renji (uwanja wa kulenga shabaha) na wanangu wikiendi. Magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) iliyokuja nayo ni ile fupi ya risasi 10 na haijawahi kunisumbua hata siku moja, ila watoto wakishika zamu zinaisha sasa hivi halafu kazi yangu mimi inakuwa ni kujaza tu mpaka kidole gumba kinauma. Nataka za risasi 25. Dukani kuna BX-25 ya Ruger wenyewe, kuna Butler Creek yenye midomo (pale juu risasi inapotokea) ya chuma, kuna zile za plastiki tupu za bei ya chini, na kuna dramu (magazini ya duara) ya GSG inameza risasi 110. Hela nitatafuta, ninachotaka isikwame, maana mtoto ikimkwamia mara mbili tatu anaanza kupeleka vidole kwenye chemba (pale risasi inapokaa kupigwa) na hicho ndicho kitu sitaki kabisa kukiona. Waliotumia naomba uzoefu wenu.

Fundi_wa_Minnesota
Mkuu kwanza elewa kwa nini hizi ndogo zinakwama kuliko bunduki kubwa, ukishaelewa hapo kuchagua kunakuwa rahisi. Risasi ya .22 LR ni ya mwaka 1887, ganda lake lina ukingo uliotokeza kwenye kitako na dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo huohuo. Sasa ukizipanga moja juu ya nyingine, ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini yake. Ukirudi nyuma yake zinashikana, bolti (chuma kinachosukuma risasi kwenye chemba) inakuja kusukuma ya juu inakuta inavuta na ya chini, hapo umekwama.

Ile magazini yako ya 10 haina shida hiyo kwa sababu ndani mna rota (gurudumu linalozunguka), kila risasi imekaa kwenye mfereji wake peke yake, kingo hazikutani kabisa. Ruger wametoa bunduki hii 1964 na hiyo rota mpaka leo ni ileile na watu hawaachi kuisifu. Za 25 zote zinapanga risasi kwa foleni ndio maana zimepinda kama unavyoziona, kingo ni nene kuliko mwili wa ganda kwa hiyo foleni yenyewe lazima ipinde. Kwahiyo yoyote utakayonunua inakutaka ujaze kwa utaratibu, asikudanganye mtu.

Kwa swali lako, mimi BX-25. Midomo yake ni chuma cha pua na springi yake ni ile ya kujikunja kama tepu ya kupimia, inasukuma kwa nguvu ileile kuanzia risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Springi za kawaida ukijaza pomoni zinabana sana juu, zikifika chini zinalegea, na hapo mwishoni ndipo risasi inachelewa kupanda bolti inapita bure.

BintiMombasa_OH
Nakubaliana na Fundi kwa BX-25 ila nimtetee na Butler Creek ya midomo ya chuma, watu wanaiweka kapu moja na za plastiki na sio haki. Mimi ninazo zote mbili nyumbani, mume wangu ndiye alianza na za midomo ya chuma kabla Ruger hawajaleta yao na bado zinapiga kazi vizuri tu.

Za kukimbia ni hizi za midomo ya plastiki za bei ya kutupa, kampuni siitaji. Nikueleze cha kuangalia kaka, chukua magazini yako weka risasi mbili tu, iangalie kwa ubavu usawa wa macho. Pua ya risasi ya juu inatakiwa itazame juu kidogo, ielekee mdomo wa mtutu. Midomo ya plastiki ikishalika, na inalika kwa sababu ukingo wa ganda unaisugua kila risasi inapotoka, utaona pua inaanza kulala au inacheza ukiigusa na kidole. Ikiwa hivyo itagonga chini ya tundu la mtutu, na kwa sababu imetengenezwa kwa madini ya risasi (lead) ambayo ni laini utakuta pua imepondeka upande mmoja na vumbi la risasi la kijivu limejaa pale. Magazini ya hivyo haitengenezeki. Tupa, usimpe hata jirani.

Kitu kingine angalia mkao. Ingiza kwenye bunduki halafu shika chini uichezeshe mbele nyuma. Ikicheza sana pua inabadilisha pembe kila ukipiga, leo inapita kesho haipiti.

kijana_wa_dallas
dramu ya 110 je?? naiona inapendeza sana

Fundi_wa_Minnesota
Inapendeza kweli na wapo wanaoipenda, lakini kwa mtoto hapana mdogo wangu. Ikijaa ni nzito, uzito wote unaning'inia chini ya bunduki, kujaza ni shughuli ya peke yake. Na mtu anayejifunza shabaha akipewa risasi mia mfululizo halengi tena, anamwaga tu.

MzeeKipara_CO
Marahaba mwanangu. Hakuna aliyegusa sheria na hilo ni la kwanza. Hapa Colorado tangu 2013 mwisho ni risasi 15, kwahiyo BX-25 hainihusu, mimi natumia BX-15 na inanitosha. California, New York, New Jersey mwisho ni 10. Illinois tangu 2023 bunduki ndefu ni 10. Washington tangu 2022 haziuzwi za zaidi ya 10. Texas kwako hakuna kikomo, lakini ukisafiri na gari kwenda kwa ndugu jimbo lingine zile za 25 ziache nyumbani kama hujasoma sheria ya kule unakoenda na ya majimbo unayopita.

Na historia kidogo maana vijana mnashangaa kwa nini za kampuni za nje ni nyingi hivi. Bill Ruger mwenyewe, mwenye kampuni, mwaka 1989 aliwaandikia wabunge wa Marekani akitaka magazini ziwekewe kikomo cha risasi 15. Enzi zake kampuni haikuwauzia raia za 25 za bunduki hii, ukitaka kubwa unakwenda kwa hao wengine, na ndio walioshika soko lote. Ikaja sheria ya nchi nzima 1994 ikazuia kutengeneza mpya za zaidi ya 10 kwa raia, ikaisha 2004. Mzee akafariki 2002. BX-25 imekuja 2011. Kwahiyo ukikuta mtu anauza ya zamani mtandaoni anasema ni orijino ya Ruger ya miaka ya themanini, mpite.

Mama_Renji_KY
Jamani mimi nitakwenda kinyume na wote. Nafundisha wanawake wa kanisani kwetu kulenga na sijaona sababu ya 25. Nunua za 10 nyingi, zile BX-1, zinauzwa hata pakiti ya tatu pamoja na kuna za kuonyesha ndani unaona risasi zimebaki ngapi. Jaza zote nyumbani usiku wa kuamkia renji. Mtoto anapiga 10, anatoa, anaweka bunduki chini, mnaangalia shabaha yake mnazungumza, halafu anaendelea. Hiyo kupumzika ndiyo inayofundisha.

Halafu ile ndefu ukilala kifudifudi inagonga chini, na mtoto ataiegemeza kwenye meza bila kujua. Ukiiegemeza unaisukuma juu na nyuma, pembe inaharibika, inakwama, na mtalaumu magazini bure.

La usalama: 10/22 ikiisha risasi bolti haibaki wazi, inajifunga kama kawaida. Huwezi kujua kwa kuangalia kwa mbali kama ni tupu. Mfundishe kutoa magazini kwanza, avute bolti aishikilie wazi na achungulie chemba kwa macho. Kila mara, iwe ya 10 iwe ya 25.

Shamba_Texas
Mama asante sana, hilo la meza sikuwa nimelifikiria kabisa. Na risasi zenyewe zina tofauti? Mimi nanunua zile za boksi kubwa za bei nafuu.

Fundi_wa_Minnesota
Tofauti kubwa sana. Hizo za boksi kubwa nyingi pua yake ni madini ya risasi (lead) matupu yaliyopakwa nta, nta inajaa ndani ya magazini inageuka utelezi wa kunata. Ukitaka kujua kama magazini ni nzima ipime na risasi ya CCI Mini-Mag, ina ngozi ya shaba na inakwenda futi 1,235 kwa sekunde, bolti inarudi vizuri. Ikikwama na hiyo, tatizo ni magazini au bunduki. Ikipita na hiyo ikakwama na za bei nafuu basi umeshapata jibu lako. Za polepole za chini ya kasi ya sauti wakati mwingine hazirudishi bolti mpaka mwisho, hapo magazini haina kosa.

Ukishajaza, igonge mgongo wake kwenye kiganja mara moja mbili risasi zikae nyuma zote. Na usitie mafuta ndani, mafuta yanashika masizi. Kitambaa kikavu na brashi basi. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi nyeupe, ili moja ikianza kusumbua ujue ni ipi.

BintiMombasa_OH
Nyongeza kwa wageni wanaosoma humu. Kama uko kwa visa ya shule au ya kazi na huna green card, sheria ya Marekani kwa kawaida haikuruhusu kumiliki bunduki wala hata risasi, labda uwe na kibali kama leseni halali ya uwindaji. Muulize wakili kabla hujashika. Na tafadhali mtu asiweke magazini kwenye begi la kwenda nyumbani zawadi kwa mjomba. Kutoa vifaa vya silaha Marekani ni kwa kibali, na Kenya au Tanzania wakikukuta navyo bila leseni ni kesi kubwa.

Shamba_Texas
Wakuu nashukuru. Nimeagiza BX-25 moja ya kwangu mimi na pakiti ya BX-1 tatu za watoto, dramu nimeiacha. Mini-Mag nimechukua boksi moja ya kupimia. Mama_Renji, mnapokaa mezani mnaweka mfuko wa mchanga chini ya bunduki au mnatumia miguu ya kukunja?

Mama_Renji_KY
Mfuko wa mchanga, mbele ya magazini, chini ya mbao ya bunduki. Kwa ile 25 weka miwili juu kwa juu ili ipate nafasi ya kuning'inia.