Kemia ya juu bila kupitia kemia ya msingi: shule ziruhusu au zizuie?

MoliMoja
Naileta hoja mezani. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi wa sekondari kuchukua kemia ya ngazi ya juu kabla hajafaulu kozi ya msingi. Wapo wanaotaka sharti hilo lifutwe, kwa kuwa kuna vijana wenye hesabu nzuri na bidii ambao hawakupata kufundishwa kemia, na sharti linawafungia njia ya udaktari, ufamasia na uhandisi mapema mno.

Mimi nasema sharti libaki. Sababu ni namna maswali ya ngazi hiyo yanavyojengwa. Chukua swali la kawaida kabisa: mililita 50 za asidi ya ethanoiki yenye ukolezi wa moli 0.10 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) zimechanganywa na mililita 25 za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi huohuo. Tafuta pH, yaani kipimo cha uasidi. Mwenye msingi anaona kwamba asidi ni milimoli 5.0 na besi ni milimoli 2.5. Besi yote inaisha, inabaki asidi milimoli 2.5 na ethanoeti, yaani kilichoundwa kutokana na asidi iliyotumika, milimoli 2.5. Viwili hivyo vikilingana, pH ni sawa na pKa (logi hasi ya Ka, namba inayoonyesha nguvu ya asidi), yaani 4.74.

Asiye na msingi hajui kwamba mmenyuko unakamilishwa kwanza, ndipo msawazo (hali ambayo mmenyuko wa kwenda na wa kurudi vinalingana kasi) ufikiriwe. Anazidisha 0.10 kwa Ka ya 1.8 × 10⁻⁵, anatafuta kipeuo cha pili, kisha logi hasi, anapata 2.87. Hiyo ni pH ya asidi ikiwa peke yake. Mwalimu akiiona atadhani tatizo ni bafa (mchanganyiko wa asidi dhaifu na chumvi yake, kama huo), atarudia somo la bafa, na wiki ijayo kosa litajirudia vilevile, kwa sababu kilichopungua ni hesabu ya moli.

Bureti
Ndugu MoliMoja, mfano wako ni sahihi, ila unathibitisha jambo dogo kuliko unalodai. Unathibitisha kwamba moli zijulikane kabla ya bafa. Hauthibitishi kwamba moli zinahitaji mwaka mzima darasani.

Tuichambue kozi ya msingi. Sehemu kubwa yake ni mambo ambayo kozi ya juu itayafundisha tena kwa kina, na mengine itayabomoa. Mwanafunzi amekaririshwa kwamba elektroni hupangwa 2, 8, 8 katika maganda ya atomi. Akifika juu anaambiwa kuna obitali (maeneo zinamopatikana elektroni) za s, p na d, kwamba potasiamu inajaza 4s kabla ya 3d, na kwamba kromiamu inakuwa na 3d⁵ 4s¹. Amekaririshwa kwamba kila atomi inatafuta elektroni nane, halafu anakutana na BF₃ yenye sita na SF₆ yenye kumi na mbili kuzunguka atomi ya kati. Kibaya zaidi ni imani kwamba kuvunja kifungo hutoa nishati. Kuvunja kifungo siku zote hula nishati. Kinachoitoa ni kuundwa kwa vifungo vipya vilivyo imara zaidi. Kijana aliyeingia na wazo hilo lililogeuzwa anakosea alama ya kutoa na kujumlisha kwenye enthalpi (hesabu ya joto la mmenyuko) muhula mzima. Mgeni kabisa hana cha kufuta.

Kiashiria
Nyote mnazungumzia karatasi. Tuingie maabara.

Bureti, bomba lenye alama na koki la kupimia kimiminika, husuuzwa kwa maji, kisha kwa myeyusho utakaotiwa humo. Flaski ya koni husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa peke yake. Kwa nini tofauti? Maji yakibaki kwenye bureti yanapunguza ukolezi, hivyo utahitaji ujazo mkubwa zaidi kufikia mwisho wa titresheni (kutonesha myeyusho mmoja kwenye mwingine mpaka mmenyuko ukamilike) na jibu litapotoka. Maji yakibaki kwenye flaski hayabadilishi kitu, kwa sababu idadi ya moli ulizoweka kwa pipeti ni ileile. Kinyume chake, ukiisuuza flaski kwa asidi unaongeza moli ambazo hukuzipima. Asiyeelewa moli anaishika kanuni hii kama amri tupu, na siku akiisahau hana namna ya kuikumbuka kwa kufikiri.

Vivyo hivyo kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti. Kikitoka katikati ya titresheni, nafasi yake inajazwa na myeyusho ambao haukuingia kwenye flaski, na ujazo unaosomwa kwenye bureti unakuwa mkubwa kuliko ujazo uliotumika kweli.

Pia kuna usalama, ambao haungoji mtu ajifunze polepole. Asidi ya salfuriki kali humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, na kamwe si maji kwenye asidi. Joto linalotoka ni kubwa kiasi kwamba maji machache juu ya asidi huchemka papo hapo na kuirusha usoni. Kozi ya juu inachukulia kwamba tabia hii imeshakaa mkononi.

Elektroni_Huru
Naomba tusisahau upande wa haki. Ziko shule zisizofundisha kemia ya msingi kabisa, au zinazoifundisha bila maabara. Mwanafunzi wa huko akihamia shule yenye kozi ya juu, sharti la cheti linamhukumu kwa kitu ambacho hakuwahi kupewa. Wakati huohuo aliyefaulu kwa kukariri anapita bila kuulizwa. Mpeni huyo gramu 4 za hidrojeni na gramu 16 za oksijeni, mumuulize ni gesi ipi itaisha kwanza ili maji yaundwe. Wengi watasema hidrojeni, kwa kuwa gramu zake ni chache. Hidrojeni ni moli 2 na oksijeni ni moli 0.5, mlinganyo unataka mbili kwa moja, oksijeni ndiyo inayoisha, maji ni gramu 18, na gramu 2 za hidrojeni zinabaki. Cheti hakimkingi mtu na kosa hilo.

MoliMoja
Kwenye haki nakubaliana nawe, ndugu. Lakini kumwingiza mtu kozi asiyoiweza si haki pia. Atakaa nyuma, alama zitashuka, naye ataondoka akiamini kwamba kemia si yake.

Mizani
Wakuu, mbona tumeganda kwenye cheti? Kipimwe kile kinachohitajika. Mtihani wa kuingia uwe na kazi tano, zifanywe kwa kalkuleta na jedwali la elementi tu.

Ya kwanza, kuandika fomyula kutoka kwenye jina: salfeti ya alumini, fosfeti ya kalsiamu, nitrati ya amoniamu. Anayeandika AlSO₄ hajui chaji za ioni. Ya pili, kusawazisha mlinganyo wa kuungua kwa propani, C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Hapa angalia anachobadilisha: mgeni hugusa namba ndogo za chini, anageuza H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu ikae, na hapo ameshatengeneza dutu nyingine. Ya tatu ni lile swali la hidrojeni na oksijeni, kwa namba nyingine.

Ya nne ndiyo inayochuja kuliko zote. Atengeneze kwa hesabu mililita 250 za myeyusho wa salfeti ya shaba wa moli 0.10 kwa lita, akitumia fuwele CuSO₄·5H₂O. Zinatakiwa moli 0.025, na uzito wa moli ni gramu 249.7, hivyo apime gramu 6.24. Anayesahau maji ya fuwele atatumia 159.6, atapima gramu 3.99, na myeyusho utatoka na ukolezi wa takriban 0.064. Tena aseme kwamba fuwele zinayeyushwa kwanza kwenye maji kidogo, kisha flaski ya kipimo inajazwa mpaka alama. Anayemimina mililita 250 za maji juu ya fuwele hajaelewa kwamba ukolezi ni kwa lita ya myeyusho, si ya maji.

Ya tano ni hesabu tupu: logi, vipeo hasi, na mlinganyo wa kipeo cha pili. Wengi wanaosemekana wameshindwa kemia wameshindwa hapa.

Anayefanya nne kati ya tano aingie, awe na cheti au hana. Aliye na cheti akishindwa naye arudi.

Bureti
Naunga mkono, ila aliyeshindwa aonyeshwe njia. Wiki nane za likizo zinatosha kwa mwenye hesabu nzuri, saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki mbili za kwanza ni ioni, majina na fomyula, kwa kadi na kujiuliza kila siku, kwa kuwa hapo kukariri hakukwepeki. Wiki tatu ziwe za moli peke yake: gramu kwenda moli, moli kwenda moli, moli kwenda ujazo na ukolezi, kila hatua ikiandikwa na vipimo vyake mpaka vikatane. Wiki moja gesi na nishati, moja asidi na besi, moja kurudia yaliyokosewa. Asiguse obitali wala msawazo. Hivyo atavikuta darasani pamoja na wenzake.

Kinachowaangusha wanaojisomea ni kutazama maswali yaliyokwisha kufanywa. Hatua ikifuatiliwa kwa macho huonekana nyepesi. Funika jibu, andika hadi mwisho, kisha linganisha.

MoliMoja
Mtihani wa Mizani naukubali badala ya cheti, kwa sharti moja: ufanyike kabla ya likizo, si wiki ya kwanza ya masomo. Ukifanyika masomo yakishaanza, anayeshindwa hana wiki nane za kujiandaa na shule itamwacha aendelee kwa huruma.

Kiashiria
Maabara bado mmeiacha. Wiki nane za karatasi hazimfundishi mtu kusoma bureti chini ya mkunjo wa myeyusho, jicho likiwa usawa wa alama. Nataka vipindi vitatu vya vitendo kabla ya kozi: kimoja cha usalama na kuzimua asidi kwa maji, kimoja cha kutengeneza myeyusho, kimoja cha titresheni. Kipimo kiwe wazi: apate majibu mawili ya titresheni yanayofuatana yasiyotofautiana kwa zaidi ya mililita 0.10. Shule isiyoweza kutoa vipindi hivyo itueleze itamruhusuje mgeni kushika asidi kali siku ya kwanza.